Pete ya Eliseo Chumvini

Velarde, New Mexico
9 Machi 2022

Mjukuu wangu Jovita,

Mungu akubariki. Simu yako ya Jumapili niliisikia nusu. Nusu nyingine ilikuwa kama mtu anakaanga vitunguu sikioni mwangu. Ndiyo maana nasema, niandikie. Barua haikwaruzi, na nikitaka kukusikia tena naifungua tu.

Huku theluji imebaki milimani. Wanaume wameshasafisha mfereji wa kijiji, maji yatafunguliwa karibuni. Miti ya aprikoti inataka kuchanua mapema, kwa upumbavu wake wa kila mwaka, halafu baridi irudi iiunguze, halafu mimi ndiye nilie.

Lango langu la maji lilikuwa limeoza. Belarmino Trujillo amenitengenezea jingine. Unamkumbuka? Yule mgane aliyefanya kazi na babu yako kule Kilimani, kwenye maabara ya mabomu ya atomiki, baadaye akawa dereva. Ni mtu mtaratibu, hula posole yangu ya mahindi na nyama na kusema asante. Nakuambia usije ukasikia kwa wengine kwamba gari lake limeonekana nje kwangu. Lilikuja kwa ajili ya lango.

Sasa wewe. Nilikubali uende Carlsbad kwa sharti moja, kwamba utakaa juu, ofisini, na karatasi zako. Huko chini kwenye chumvi wanakozika taka zenye mionzi za Kilimani usikanyage. Kilima kilimchukua babu yako Eliseo akiwa kijana anayebeba magunia mawili ya mahindi, kikanirudishia kikohozi. Madaktari walisema ni sigara. Huenda. Mimi ninalo langu.

Nieleze ofisi yako ikoje. Akina mama wa kanisani wananiuliza, nami sina la kuwajibu.

Bibi yako,
Otilia Lucero


Carlsbad
20 Machi 2022

Bibi mpendwa,

Naomba baraka zako.

Ofisi ni nzuri. Haina dirisha, lakini hali ya hewa ni ileile mwaka mzima, jua la huku halinipati. Wenzangu ni watu wa vichekesho. Ninayekaa naye karibu ni Wade, mzungu mnene wa Artesia, ana watoto watano na anaamini kila ugonjwa unatibiwa na pilipili mbichi ya kuchoma. Nikirudi nyumbani nina chumvi kwenye nyusi na midomoni, hata chai naisahau kuitia sukari.

Waambie akina mama wa kanisani kwamba nimeajiriwa, nalipwa, na Jumapili naenda misa. Mengine yatawachosha.

Bibi, lango la maji la mfereji wako nalijua mimi. Ni ubao mmoja na misumari sita. Inakuwaje lichukue Jumanne tatu? (Binamu alinipigia. Gari limeonekana.) Mimi sisemi kitu. Nauliza tu kama fundi.

Mjukuu wako,
Jovita


Velarde
4 Aprili 2022

Jovita,

Nilimsomea Belarmino barua yako, maana ilinichekesha ile habari ya misumari sita. Nilipofika penye ofisi isiyo na dirisha na chumvi kwenye nyusi, aliacha kutafuna. Nikamuuliza, kuna nini? Akatazama sahani. Nikamwambia, Belarmino, hii nyumba ni yangu na hayo maharage ni yangu, sema. Akasema, “Otilia, nimepeleka mapipa kule miaka kumi na miwili. Wa ofisini hawana chumvi kwenye nyusi.”

Kumbe uko chini! Kumbe unanichezea kama mtoto!

Sikukukataza kwa ukorofi. Na kinachoniuma zaidi ya shimo lenyewe ni uongo. Mwongo mmoja nimekwisha kuishi naye, na sasa nitakuambia jambo ambalo hata baba yako, Mungu amrehemu, hakulijua.

Januari mwaka 1974 babu yako alirudi kutoka kazini mkono umefungwa bendeji, kidoleni hakuna pete. Pete ya ndoa, niliyomvisha mwenyewe mbele ya padri. Nikauliza, pete iko wapi? Akasema alipitia mtoni kuvua samaki, akateleza, akajikata kwenye jiwe, maji yakaichukua. Januari, Jovita! Mto umeganda kingo zote mbili, hata bata wanatembea. Nikamwambia rudia. Akarudia neno kwa neno, huku akitazama ukuta.

Basi nikajua kuna mwanamke. Nilimtafuta mwanamke huyo katika kila uso pale Española, sokoni, kanisani, kwa mshonaji. Sikumpata. Tukaishi miaka ishirini na mitano baada ya hapo, tukalea, tukacheka pia, sitakudanganya. Lakini kila aliponishika mkono niliuona ule mduara mweupe kidoleni, hata baada ya jua kuuchoma ukaisha.

Kwa hiyo sitaki mwongo wa pili. Niandikie ukweli au usiniandikie.

Otilia


Carlsbad
12 Aprili 2022

Bibi yangu,

Naomba baraka zako hata kama umekasirika, maana ukikasirika ndipo nazihitaji zaidi.

Niko chini. Niko chini mwaka wa tatu sasa. Ofisini nilikaa miezi minne, nikawa nasinzia. Siku moja walitupeleka kutembea huko, na lifti ilipofunguka nilisikia kama mtu aliyefika kwao. Sijui nikueleze vipi. Ni barabara, Bibi, barabara pana zilizochongwa ndani ya chumvi, kuta zinang’aa ukizimulika, nyingine za kijivu, nyingine nyekundu kama nyama mbichi. Wanasema hapo palikuwa bahari kabla ya wanyama wengi kuumbwa, ikakauka, na tangu ikauke hakuna tone la maji lililopita. Kama maji yangepita, chumvi isingekuwapo. Ndiyo sababu walipachagua.

Kazi yangu ni kuendesha foklifti, kigari cha kuinulia mizigo. Mapipa yanashushwa, nayapokea, nayapanga moja juu ya jingine kwenye vyumba mpaka chumba kijae, kisha kinafungwa. Nina kipimo cha mionzi kifuani, napimwa nikiingia na nikitoka. Kilichomo ndani ya mapipa si majimaji ya kijani ya kwenye filamu. Ni glavu, matambara, ovaroli, koleo, vipande vya mabomba, vitu walivyoshika watu kama babu wakiwa kazini, vikaingia vumbi lisilotoka.

Nilikudanganya, na hilo ni kosa langu. Kazi yenyewe siiombei radhi. Naipenda. Niliogopa uso wako, basi.

Habari ya pete imenilaza vibaya. Namkumbuka babu akinimenyea machungwa kwa kipande kimoja kirefu kisichokatika. Siwezi kumweka mwanamke mwingine kwenye picha hiyo. Lakini wewe ndiye uliyeishi naye.

Mtoto wako mbaya,
Jovita


Velarde
15 Mei 2022

Jovita,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Siku ya Pasaka Belarmino alikuja na kofia mpya, akala, akaosha vyombo bila kuambiwa, kisha akasimama katikati ya jiko kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Akasema, “Otilia, mimi ni mtu wa maneno machache. Tuoane.”

Nikamjibu kwa ukali, maana nilishtuka. Nikasema, “Nyie watu wa Kilimani nawajua midomo yenu. Mnaingia na siri, mnatoka na siri, mnalala nazo kitandani kati yenu na wake zenu. Nilishalala na moja. Ya pili siitaki.” Nikamwambia yote, pete, mto, Januari, mwanamke.

Jovita, yule mzee alikaa chini sakafuni. Kiti kilikuwapo. Alikaa sakafuni.

Akasema, “Mwanamke gani, Otilia? Mimi nilikuwa nimemshika mkono.”

Walikuwa wakifanya kazi kwenye visanduku vya kioo, mtu anaingiza mikono kwenye glavu nene zilizofungwa ukutani mwa kisanduku, anashika kitu bila kukigusa. Siku hiyo glavu ya Eliseo ilipasuka. Kipimo kikalia. Wakamkimbiza kwenye sinki, Belarmino akamshikilia mkono huku mwingine akisugua kwa brashi na dawa, wanapima, wanasugua, wanapima, mpaka ngozi ikatoka damu. Mwishowe mkono ukawa safi. Pete ikakataa. Ilikuwa na ile michongo ya maua, unajua, mama yangu ndiye aliyeitaka, na lile vumbi lilikuwa limeingia humo. Wakaleta mkasi wa kukatia chuma. Belarmino anasema Eliseo hakutoa sauti waliposugua, lakini walipoikata pete alilia kama mtoto, akisema, “Mke wangu ataniuliza. Nitamjibu nini mimi?” Pete ikatiwa mfukoni, mfuko ukatiwa kwenye pipa pamoja na glavu, pipa likafungwa.

Na wote walikuwa wamekula kiapo. Neno moja nyumbani, kazi imekwisha, pengine na jela. Basi njiani, ndani ya gari, wakamtungia mto. Nikamuuliza Belarmino, kati yenu wanaume wanne hakuna aliyekumbuka kwamba ni Januari? Akasema, “Tulikuwa vijana, Otilia. Tulikuwa tunatetemeka.”

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye miti ya matufaha. Sikumjibu habari ya ndoa. Alijifungia mlango mwenyewe akaondoka.

Sasa sikiliza. Belarmino anasema mapipa ya miaka hiyo yalihifadhiwa Kilimani, na baadaye wakaanza kuyaleta huko kwako. Wewe unayashika mapipa. Itafute. Sitaki kuivaa, najua haivaliki. Nataka tu kujua iko wapi.

Bibi yako,
Otilia


Carlsbad
27 Mei 2022

Bibi,

Naomba baraka.

Nilikuandikia barua nyingine kabla ya hii. Ilisema nimeipata, pipa nimeliona, liko mahali pazuri. Ilikuwa barua tamu. Wade aliniona nikiiandika wakati wa chakula, akauliza, nikamsomea. Akasema, “Dada, si huyu ndiye bibi aliyekukamata kwa sababu ya nyusi?” Nikaichana.

Ukweli ni huu. Mapipa hayafunguliwi. Yanafika yamefungwa, nayapanga yamefungwa. Mapipa ya zamani ya Kilimani yamekuwa yakija tangu kabla sijaajiriwa, na mengine bado yanakuja. Pete ya babu inaweza kuwa kwenye chumba kilichofungwa nikiwa shule ya msingi. Inaweza kuwa niliibeba mimi mwaka jana bila kujua. Inaweza kuwa bado iko Kilimani inasubiri zamu. Sijui, Bibi, na sitajua kamwe.

Lakini kuna kitu ninachokijua. Mzee Belarmino aliendesha yale malori miaka kumi na miwili. Huenda aliileta yeye mwenyewe, kupita Vaughn na Roswell, akisikiliza redio.

Na kuna kingine. Chumvi haitulii. Ukiitazama ni jiwe, lakini inatembea, polepole, upana wa kidole au viwili kwa mwaka. Dari inashuka, sakafu inapanda, kuta zinasogea. Katika barabara tunazotumia tunapigana nayo, tunafunga vyuma darini, tunachonga upya. Vyumba vilivyojaa tunaviacha. Chumvi inayakumbatia mapipa, inayabana, mwisho inakuwa ukuta mmoja tena kama hapakuwahi kuwa na mlango. Watu wengine inawatisha. Mimi naona ni kama mtu anayemfunika aliyelala.

Septemba kuna siku ya familia. Kila mfanyakazi anaruhusiwa kumshusha ndugu mmoja kwenda kutazama sehemu mpya, zisizo na mapipa. Natamani uwe wewe. Utavaa kofia ngumu na viatu vya kufunga kamba. Fikiria.

Wako,
Jovita


Velarde
30 Juni 2022

Jovita,

Aprikoti zimesalimika mwaka huu, siamini. Nimetengeneza jamu mpaka mitungi imeisha.

Viatu vya kufunga kamba sina, nimeagiza. Je, sketi inaruhusiwa? Hiyo lifti ina mlango unaofungwa au ni kizimba cha kuku? Nikibanwa na haja huko chini nafanyaje? Usicheke, nijibu kwa mpangilio.

Sijasema nakuja. Nauliza.

Belarmino hajaja tangu Pasaka, ila mtu amenifyekea nyasi za kingo za mfereji nilipokuwa misani. Atanileta, kama nikija. Ataendesha tu.

Otilia


Velarde
3 Septemba 2022

Kwa Jovita Lucero,

Salamu. Mimi ni Belarmino Trujillo. Mwandiko wangu ni mbaya, vumilia.

Bibi yako amenunua viatu. Anavivaa ndani ya nyumba kuvizoeza, nimesikia kishindo. Kwa hiyo nadhani anakuja.

Baba yako angekuwa hai ningemwomba yeye. Hayupo, kwa hiyo nakuomba wewe ruhusa ya kumposa bibi yako mara ya pili. Ya kwanza niliiharibu. Nilikuja na kofia mpya, nikaondoka nimemrudishia mume wake wa kwanza. Sijutii. Eliseo alikuwa rafiki yangu, alistahili kurudi. Nilikaa na jambo hilo kifuani miaka mingi, na hata kiapo kilipokuwa hakina meno tena sikujua kwamba kuna mtu linamuumiza. Nilidhani walicheka wakayamaliza.

Ila naogopa kidogo. Naogopa atashuka huko mjane wa Eliseo na atapanda mjane wa Eliseo, na zamu yangu haitafika. Mtu wa miaka sabini na tano haoni haya kuandika hivi? Naona. Nimeandika.

Mtumishi wako,
B. Trujillo


Carlsbad
9 Septemba 2022

Mzee Belarmino,

Shukrani kwa barua. Ruhusa unayo. Ungekuwa nayo hata kwa ule ubao na misumari sita.

Habari ya zamu yako siwezi kukusaidia. Foklifti yangu inabeba mapipa, moyo wa Bibi haiuwezi. Mlete tu Jumamosi ya tarehe 24, saa mbili asubuhi getini, na umpe kiti cha mbele.

Jovita


Velarde
2 Oktoba 2022

Jovita wangu,

Mungu akubariki, akupe miaka, akupe na mume mwenye akili, lakini taratibu, hakuna haraka.

Najua ulikuwa hapohapo ubavuni kwangu, lakini uliniona kwa nje tu, na nje nilikuwa bibi kizee mwenye kofia ya plastiki. Ngoja nikuambie ya ndani.

Lifti ilipoanza kushuka nilitubu dhambi zangu zote, hata zile za pamoja na shangazi yako Ramona. Masikio yakaziba. Nikajisemea, Otilia, watu husubiri wafe ndipo washushwe, wewe umevaa viatu vipya ukajipeleka. Halafu mlango ukafunguka, na hapakunuka kaburi. Hapakunuka kitu. Hewa kavu, safi, kama ya darini mwangu ninakoanika pilipili.

Ulipotupeleka kwenye kile chumba kipya, Wade akaeleza kila kitu na kusema tusiguse kuta, nikangoja akageuka. Niliulamba ukuta, Jovita. Usimwambie. Ni chumvi kali, ina uchungu kidogo mwishoni. Nikaweka kiganja. Nilitarajia ubaridi, nikakuta uvuguvugu.

Ndipo nilipowaomba mniache kidogo. Ulidhani nataka kusali. Nilitaka, nikaanza Baba Yetu, lakini sikufika mbali. Nilijikuta nasema kwa sauti, “Januari, Eliseo! Kweli? Ulishindwa hata kusema uliipoteza kwenye theluji?” Basi nikaanza kucheka. Nilicheka nimeegemea ukuta, ndicho kile kicheko mlichokisikia mkaja mbio na tochi mkidhani nimepatwa na jambo. Nilikuwa nawaona wanaume wanne ndani ya gari, wamebana magoti, mmoja ana bendeji, wanabuni samaki. Watoto wale. Mkubwa wao alikuwa na miaka thelathini. Nilikuwa nimembeba mwanamke mwenye midomo myekundu miaka karibu hamsini, kumbe mtu mwenyewe alikuwa ni Belarmino.

Nikamwambia Eliseo alale. Nikamwambia nimepaona, pazuri, hapavuji, na mjukuu wake ndiye anayefunika. Kama iko hapo, iko hapo. Kama bado inakuja, utaipokea. Nilitoka mwepesi, hata lifti nadhani iliona tofauti.

Belarmino alikuwa ametungoja uwanjani kwenye jua, kofia mkononi, tangu asubuhi. Alikuwa amenunua burito mbili za maharage na kuzifunga kwenye koti lake zisipoe. Hakuniuliza chochote. Mtu mwingine angeuliza. Yeye alinifungulia mlango, akasema, “Viatu vimekubana?” Nikasema kidogo. Akanifungua kamba.

Tulipita Roswell. Karibu na Vaughn, pale ambapo hakuna kitu isipokuwa nyaya na swala, nikamwambia, “Belarmino, najua kuna jambo unataka kuniuliza tena.” Akasema ndiyo. Nikasema, “Kabla hujauliza. Nimemaliza habari za siri. Kama kuna kitu kingine chochote ambacho hujaniambia, chochote, kiseme sasa hivi, ndani ya gari hili.”

Alipunguza mwendo. Akaingia pembeni kabisa, akazima injini. Jovita, nilishika kitasa cha mlango. Alishika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele, akasema, “Otilia, sipendi posole yako.”

Nikasema, “Nini?”

“Sipendi. Mahindi yanabaki magumu na nyama unaitia mapema mno. Nimekula kila Jumanne kwa sababu umeipika wewe.”

Mtu alikuwa akila sahani mbili! Akisema asante! Nilimpiga na kofia yake mwenyewe. Halafu nikamwambia aulize alichotaka kuuliza, akauliza, nami nikamjibu kabla hajamaliza kwa sababu tulikuwa tumesimama vibaya na malori yanapita.

Harusi ni Jumamosi ya pili ya Novemba, misa ya asubuhi. Njoo Ijumaa, ulete sweta, huku kutakuwa na baridi. Mwambie Wade aje na watoto wake wote watano. Chakula atapika bwana harusi, tuone.

Bibi yako,
Otilia